Vumbi Jeusi kwenye Rimu za Mzee Bakili

Jumatatu, 9 Juni

Nimepigwa na butwaa. Mzee Bakili, mteja wangu wa miaka minne, kapita mbele ya sehemu yangu ya kuoshea magari bila hata kupunguza mwendo, kaenda kuegesha ng'ambo ya barabara kwa Kunegunda, mama anayeosha magari kama mimi.

Nimevuka. Nimempa shikamoo. Kaitikia marahaba, kisha kanyoosha kidole kwenye magurudumu. Kasema nilimwoshea Alhamisi, na Ijumaa rimu zilikuwa nyeusi tayari. Gari la mkewe, lililokuwa limeegeshwa kando, lilioshwa na Kunegunda wiki mbili zilizopita, na rimu zake bado zinang'aa.

Nimechungulia. Kweli zinang'aa.

Wala si matope. Fundi Mathias alishanieleza: kila ukikanyaga breki, pedi zinazobana gurudumu zinasagika, unga wake mweusi unarukia rimu na kugandamana. Na Songea hii ya vilima, nani hakanyagi breki?

Jumamosi binti yake, Zabibu, anaolewa. Msafara wa magari sita. Nimebembeleza mpaka mzee kakubali kunijaribu: keshokutwa nioshe rimu zake, aende Peramiho na kurudi. Zikirudi safi, msafara wote ni wangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Kunegunda kupeleleza. Nimejifanya naazima brashi. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiyejali, anafanyaje na rimu.

Kanijibu papo hapo. Huku akisugua kapeti kasema rimu zioshwe zikiwa zimepoa, zikaushwe kabisa, zipakwe nta ya gari, zisuguliwe kwa kitambaa. Vumbi litakuja, lakini halitashika. Ukimwaga maji linaondoka. Kanionyesha mpaka kopo la nta.

Nimeduwaa. Mshindani gani anatoa siri yake namna ile? Nimetembea hadi nyumbani nikiwaza. Jibu ni moja tu: ananidanganya.

Nina mbinu yangu. Vumbi haliwezi kukaa kwenye kitu kinachoteleza. Na jikoni kwa mke wangu Getruda yamo mafuta ya alizeti, dumu zima.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi rimu zilimeremeta mpaka mzee kavua miwani kuzitazama. Kaondoka akitabasamu.

Saa tisa alasiri karudi. Sikuzitambua. Nyeusi kama tako la sufuria, na juu ya weusi mabua ya mahindi, na juu ya mabua manyoya ya kuku. Ya kuku! Nimesimama na ndoo mkononi nisijue pa kuiweka.

Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ya kuvuta uchafu wote utoke. Kasema basi hatua ya pili iwe Ijumaa, na iwe ya mwisho.

Getruda kauliza mafuta yake yako wapi. Nimesema yapo Peramiho.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata dawa. Nilikuwa napigana na vumbi likishafika. Kosa. Lizuiwe linakotoka! Nimekata mifuniko ya ndoo za plastiki, duara nne za bluu. Kila moja itakaa kati ya breki na rimu. Vumbi litabaki ndani.

Nimemwonyesha Mathias. Kashika kichwa. Kasema breki inapata moto, inahitaji hewa, nitaua watu. Nimemwelewa: analinda kazi yake. Vumbi likiisha, nani atampelekea magurudumu ayafungue?

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nilifunga mifuniko yote minne kwenye gari la mzee bila kumwambia.

Mzee alitaka nipande naye nione kazi yangu. Nilipofungua mlango nikamkuta Zabibu kiti cha nyuma, anakwenda kuchukua gauni. Nikapanda. Tukapanda mlima wa Matogoro vizuri. Tulipoanza kuteremka nikasikia harufu ya plastiki. Kisha moshi.

Mzee hakupaza sauti. Alisema, "Otto, breki hazishiki."

Karudisha gia ndogo, kavuta breki ya mkono, kaliingiza gari kwenye shamba lililovunwa. Tumegonga lundo la mabua na kusimama. Zabibu alikuwa ameukumbatia mkoba, midomo imekuwa myeupe. Mzee kasema alhamdulillah mara tatu, kashuka, kainama. Kayaona matone ya bluu yaliyogandia kwenye breki.

Nikakiri yote.

Akaniuliza, "Ulitaka mwanangu afike ukumbini, au asifike?"

Nimelia pale shambani, mtu mzima, mbele ya bibi harusi, na yeye ndiye aliyenipa leso.

Jumamosi, 14 Juni

Mathias alishinda na breki za mzee tangu alfajiri, kaweka pedi mpya. Kunegunda kapewa msafara. Saa tatu kanipigia simu: magari sita yamemzidi, nije nimsaidie kupaka nta. Nilidhani ananicheka. Hakuwa anacheka.

Nimepaka kama alivyoniambia Jumanne. Zabibu kafika ukumbini salama. Jioni rimu zilikuwa na vumbi. Nimemwaga maji kopo moja, likaondoka lote. Nimebaki nimekodoa macho. Yule mama aliniambia ukweli tangu mwanzo.

Mzee kaitikia shikamoo yangu. Kwa mbali, lakini kaitikia.

Jumapili, 15 Juni

Misani leo sikusikia mahubiri, nilikuwa natafakari. Nimejuta kwa dhati. Kunegunda alikuwa sahihi, na mimi ni mtu wa kujifunza.

Nta ndiyo jibu. Lakini mbona anaishia kwenye rimu? Vumbi linatoka kwenye pedi. Ukizipaka nta pedi zenyewe, hazitasagika, na vumbi halitazaliwa. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuliwaza.

Katekista Dastan kaniachia gari la parokia nilioshe. Mchana anateremka nalo Maposeni. Nimeshafungua magurudumu ya mbele. Sijamwambia kitu. Nataka ashangae.