Macho Mapya ya Maestro

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimeamua. Miwani basi. Jumapili baada ya misa kwaya inachagua maestro, mwongozaji wake, na Léonard, yule wa sauti ya nne anayeitamani fimbo yangu, anazunguka mtaa mzima wa Bel-Air akisema maestro wa vioo viwili amechakaa. Mimi! Sioni mbali kidogo tu, na astigmatisme, yaani jicho kupinda, ya kuhesabia vidoleni. Kuna kliniki mjini inanyoosha macho kwa laser. Dakika chache, unatoka bila miwani. Nimeitangazia kwaya kwamba Jumatano napasuliwa. Mke wangu Wivine ameuliza kama daktari anajua. Maswali ya Wivine huja mapema mno.

Jumatano, 5 Juni
Daktari Gaëlle wa kliniki ni mpole, lakini hana haraka. Kidevu juu ya mashine, kisha matone ya kupanua mboni. Akalinganisha vipimo na vya mwaka jana. Astigmatisme imeongezeka. Akaeleza kwamba laser hubadilisha umbo la jicho moja kwa moja, kwa hiyo lazima vipimo vitulie mwaka mzima kwanza. Nirudi mwakani. Nikamwambia uchaguzi ni Jumapili. Akasema jicho halina habari za uchaguzi.
Nikatoka na ukungu machoni, jua likinichoma kwa sababu ya matone, nimevaa miwani ya jua, napapasa ukuta. Maman Chilufya wa sauti ya kwanza akanikuta mlangoni kwangu. Akapiga makofi ya huruma: kumbe wamekwisha kumpasua maestro. Sikusema ndiyo. Hapana pia sikuisema.

Ijumaa, 7 Juni
Kwaya imekuja kunipa pole. Kuku, ugali wa bukari, mboga ya sombe. Léonard mwenyewe alinishika mkono mpaka kwenye kiti, akaniombea huku analia. Machozi ya kweli. Yaliniuma kidogo. Nilikula mapaja mawili.
Wivine anajua yote. Mbele ya wageni aligawa kuku tu. Walipotoka akaniuliza Jumapili nitaongoza kwa macho ya nani.

Jumapili, 9 Juni
Misa, bila miwani. Karatasi naiona vizuri. Altare ni wingu. Padri hunipa ishara kwa mkono. Nikaona mkono wa kanzu nyeupe ukipanda. Nikainua fimbo. Wimbo wa sadaka, sauti zote nne, ngoma juu. Akina mama wa vikapu wakaanza kucheza kuelekea altareni, viazi kichwani.
Haikuwa ishara. Padri alikuwa katikati ya mahubiri, anaonyesha urefu wa Goliati.
Wivine akaacha benchi lake, akapita kwaya nzima, akanivalisha miwani yangu. Alisema polepole, lakini mikro mbele yangu ilipaza kila neno: "Papa Stanis, vala lunettes. Padri iko bado anahubiri."
Uchaguzi umeahirishwa. Léonard ndiye aliyeomba. Alisema operesheni imeharibika, na yeye hawezi kushindana na mgonjwa.

Jumatatu, 10 Juni
Saa mbili asubuhi Léonard alikuwa mlangoni, ndani ya suti, tayari kwenda kumfokea daktari Gaëlle kwa ajili yangu. Nilitaka kumwambia ukweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ukasema kwamba macho yamepona, miwani ni ya kinga tu. Lililokosea ni sikio la kushoto, lilimsikia padri akisema amina.
Amesikitika sana. Kesho ananisindikiza kwa daktari wa masikio.
Wivine ameniita mara tatu nioshe sufuria. Sijasikia kitu. Sikio linaendelea vizuri.