Shuka Moja Tu

Siku Injinia alipogundua kwamba mtaa mzima una swichi za kinga na hakuna anayejua kazi ya kitufe chake, alifunga kibanda chake cha balbu akanunua kofia ngumu ya njano. Chuo cha uinjinia alikuwa amekipita mara nyingi, kwa nje.

Swichi ya kinga, kwa asiyeijua, ni ile inayokata umeme unapovuja, kabla haujamkausha mtu. Ukibonyeza kitufe chake cha kujaribia na umeme ukakatika, swichi ni nzima. Usipokatika, mwite fundi. Injinia aliligeuza somo hili miguu juu. Alizungushia swichi kitambaa cha mashine ya kupimia presha, urithi wa babu yake, akapuliza, akakunja uso, akabonyeza. Feni ikasimama.

"Mmeona wenyewe. Imekufa."

Basi akaing'oa na kumuuzia mwenye nyumba "mpya", yaani ile aliyoing'oa kwa jirani na kuipangusa kwa mate. Kinyozi, mteja wa kwanza, aliuziwa iliyotoka kibandani kwa Injinia; yake ikahamia kwa mshonaji, na ya mshonaji ikaingia mkobani. Wateja wote wawili walimfuata mpaka kwa mama dobi, kwa kupenda utaalamu.

Kwa mama dobi sakafu ilikuwa imelowa. Injinia akapuliza, akakunja uso, akabonyeza. Swichi haikushtuka. Akabonyeza tena, safari hii kwa kidole gumba, kwa sababu maana yake aliijua.

"Isipokata ni nzima, si ndivyo ulivyotufundisha?" kinyozi akauliza.

"Ndivyo," akasema Injinia, kwa sauti ndogo.

"Afadhali," mama dobi akasema. "Maana jana mashine hii ya kufulia ilimpiga shoti mume wangu, ikamrusha mpaka kwenye kapu la soksi. Sasa kwa kuwa kinga ni nzima, baba, hebu nitolee hilo shuka humo ndani. Viatu vua, utanichafulia sakafu."

"Mama, mimi ni wa vipimo. Nguo zina idara yake."

"Ni shuka moja tu."

"Mkono huu una baridi yabisi."

"Tumia huo mwingine."

Injinia alivua viatu. Aliogopa, tena aliogopa kweli, maji yakimpenya katikati ya vidole vya miguu. Mkono ulipobakiza shubiri moja kufika kwenye chuma, ukagoma.

"Nimewadanganya," akasema. "Zile zilizokata ndizo nzima. Ya kinyozi iko kwa mshonaji, ya mshonaji iko humu mkobani. Hela zenu hizi hapa. Hii ndiyo mbovu, jamani, msiniue kwa shuka."

Alipomaliza kurudisha hela na swichi ya mshonaji, mama dobi aliingiza mkono wake mwenyewe mashinoni, akalitoa shuka, akalikamua taratibu.

"Umeme uliniishia tangu asubuhi, sijanunua mwingine," akasema. "Swichi ingekata nini? Nilitaka kukwambia ulipoingia, lakini ulikuwa umeshaanza kupuliza. Na mume sina."

Injinia akaketi juu ya ndoo, viatu mkononi. Kinyozi akaokota kile kitambaa, akamfunga nacho mkono, akapuliza, akakunja uso kitaalamu.

"Mmeona wenyewe," akawaambia wenzake. "Huyu ndiye wa kung'oa."