Televisheni Iliyomponya Baba Gancho Goti

Jumatatu, 4 Novemba
Nisamehe, shajara, nimekutupa tangu Radina azaliwe. Nilikuwa nanyonyesha, au nasinzia huku nanyonyesha. Sasa nina mpango. Narudi kazini duka la mikate. Nikikosa mlezi, kazi imekwenda. Mama mkwe, Stoyanka, anashuka kesho kutoka kijijini. Baridi hii atakaa nasi Plovdiv, au kwa Velichka, mke wa shemeji yangu? Velichka ana televisheni ya chogo. Mimi nimenunua mpya, pana kama kitanda.

Jumanne, 5 Novemba
Mama kaja na deki na diski ya arusi yetu. Anataka kumwona marehemu mumewe, Baba Gancho, akicheza horo, ngoma yetu ya duara. Nikapandisha kitufe cha televisheni cha kulainisha mwendo wa picha hadi mwisho. Mzee akateleza kama yuko juu ya barafu. Mama akauliza goti limekwenda wapi. Kuchechemea kule ndiko alikokuwa akimtambulia tangu mbali. Ningezima tu. Nikaona aibu, baada ya kujisifu kote kule. Nikamwambia labda ni macho yake. Akayafuta kwa kitambaa.

Alhamisi, 7 Novemba
Kaenda kupimwa macho, peke yake, kwenye mvua. Daktari kasema ni mazima. Akapitia kwa Velichka, deki kwapani. Kwenye chogo mzee akachechemea vizuri kabisa. Akampigia simu mume wangu, Zdravko, ambaye hajui kunyamaza. Zdravko akamweleza kwamba kati ya picha mbili televisheni yetu inabuni nyingine, mwendo usikatike. Mama akauliza: kwa hiyo nusu ya mume wangu mmeibuni nyinyi, na ubovu mkauweka machoni pangu?
Analala kwa Velichka.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemwomba radhi kwa simu. Nililia kweli, Radina naye akanisaidia. Mama akasema, yameisha, mwanangu, ila baridi hii nipo huku. Nikamjibu kwamba mtoto ni mjukuu wake pia. Akasema anajua, niseme tu nitumiwe nini. Nimemwandikia: soksi za sufu za Radina, zile nene. Lyutenitsa, ile rojo ya pilipili hoho na nyanya, mitungi miwili. Chai ya mlimani. Na deki na diski, kwa wiki moja tu. Nimegundua kitufe kingine, cha kukatakata mwendo. Nikikifikisha mwisho, Baba Gancho atachechemea kuliko alivyowahi kuchechemea maishani.