Prompti ya Ezron Mazikoni Igamba

Habari za kifo cha Babu Mbonile zilimkuta Ezron akipaka rangi mstari mmoja wa maandishi, kwa siku ya tisa!

Haukuwa mstari wa hivi hivi, jamani. Ni ule ambao kompyuta huuandika kwenye skrini nyeusi kumwambia mwenye nayo: haya, nipo, nipe amri. Mafundi huuita prompti. Ya watu wengine ina jina na alama ya dola, basi. Ya Ezron ilikuwa na saa, betri, joto la Tunduma, bei ya kwacha ya Zambia na idadi ya malori kwenye foleni ya mpakani! Kila akibonyeza kitufe cha Enter, ilikimbia mtandaoni kuuliza yote upya, ikarudi kabla hajafumba jicho.

"Hata uwanja wa ndege hauna ubao kama huu!" aliwatambia wateja wa kibanda chake cha kuchapa barua.

Simu ikaita. Shangazi Gwantwa, kutoka kijijini Igamba.

"Ezron, baba. Babu yako ametutoka asubuhi hii. Tumshukuru Mungu kwa yote."

Babu ndiye aliyemlea Ezron, akamfundisha kuomba na kupalilia kahawa.

"Shangazi," akasema, "wasifu wa marehemu niachieni mimi."

"Dada yako Violet ameshachukua daftari..."

"Daftari? Karne hii? Mwambie alirudishe! Nitausoma kwenye skrini, watu washangae!"

Na wasifu si mchezo. Kwetu jeneza haliteremshwi kabla haujasomwa. Mzee asiposomewa wasifu, ni kama amezikwa mpita njia.

Siku ya mazishi, saa nane mchana, Mwinjilisti Osea akatangaza: "Sasa mjukuu atatusomea."

Ezron akaweka kompyuta juu ya stuli, akakohoa kama mbunge. Alama zote za kubofya alishazifuta zamani. Hizo, alisema, ni za watoto. Mwanaume anatoa amri! Akafungua skrini yake nyeusi, akaingoja prompti.

Kimya. Nyeusi tii!

Pale makaburini mtandao haushiki hata kwa maombi ya kufunga. Prompti ilikuwa huko inahangaika kutafuta joto la Tunduma. Ikalikosa. Ikageukia kwacha.

"Mwanangu, inangoja nini?" Shangazi akanong'ona.

"Inatafuta bei ya kwacha, Shangazi."

"Kwacha ya nini? Babu anavuka mpaka gani?"

Akina mama wakajiziba midomo kwa khanga. Jasho likamtiririka Ezron. Akabonyeza Enter. Akabonyeza tena, mara kumi! Kumbe kila Enter ni lori jingine limeingia foleni: la kwanza halijapita, kumi yako nyuma yake.

"Kaka, ichape kofi!" Violet akamtania.

"Tulia wewe, inafikiri!"

"Babu naye anafikiri, lakini yeye hana haraka tena."

Hatimaye mstari ukajitokeza, rangi sita, kama upinde wa mvua. Saa: nane na nusu. Joto: halijulikani. Kwacha: haijulikani. Malori: hayajulikani. Betri: asilimia moja.

Kisha skrini ikazimika. Kwa betri, angalau, ilisema kweli.

Ezron akabaki ameinama juu ya stuli. Babu yake yupo ndani ya jeneza, na ukurasa mzima wa maisha yake umefungiwa ndani ya bati.

Bibi Ketrina, mjane, akainuka taratibu kwenye mkeka.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "kaa chini."

Akausema wasifu bila karatasi. Mzee alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alipanda mibuni mingapi, watoto gani aliwazika na wepi wamebaki. Hakuruka hata mmoja. Akamaliza:

"Miaka hamsini na mbili nimeishi naye. Kitu alichokichukia ni kusubirishwa. Tumzike."

Hata Mwinjilisti akacheka, huku anafuta machozi.

Jeneza likateremshwa kwa kamba. Mwinjilisti akaomba. Bibi akatupa udongo wa kwanza, wakafuata watoto, kisha wajukuu. Ezron akatupa wake, akasema, "Kwaheri, Babu. Mungu akupokee." Akachukua koleo, akafukia pamoja na wanaume wengine mpaka mwisho. Wakaweka mashada, wakaimba, wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.