Bastola Moja, Wenyewe Watatu

Pitchou aliingia kwenye duka la silaha kule Randburg, Johannesburg, kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya silaha. Alikuwa na mfuko wa chaja za simu mgongoni na viatu vinavyokunywa maji. Kwenye kaunta alikuwepo mteja mmoja, ametoka kulipia bastola sasa hivi.

"Naichukua lini?" mteja akauliza.

"Leseni ikitoka," muuzaji akamjibu. "Miezi kadhaa. Mpaka hapo inalala kwenye sefu letu. Ndiyo sheria."

Mteja akashukuru, akaondoka mikono mitupu huku anatabasamu.

Pitchou akasahau mvua. Maishani mwake alishauza simu zisizo na kitu ndani, kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, na visa ya nchi ambayo hata spelingi yake aliibahatisha. Bidhaa zote hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja: mteja hataki kulipa kabla hajaziona, na akishaziona anakasirika. Kumbe serikali imekaa chini, ikafikiri, ikatengeneza bidhaa ambayo mtu analipa, anashukuru, na akijaribu kwenda nayo nyumbani anafungwa. Mcha Mungu angepiga magoti. Pitchou alivua kofia tu.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu wa tamaa. Alitaka kibanda cha vioo ndani ya jengo la maduka hapohapo Randburg, auze simu, za kweli safari hii. Mwenye kibanda alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi alete malipo ya kwanza, la sivyo anapewa mwingine. Pitchou alishachoka na utapeli. Alihitaji utapeli mmoja wa mwisho wa kumtoa kwenye utapeli, kama mlevi anayemaliza chupa ili aache pombe.

Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa shabaha. Mgeni anakodi bastola, mwalimu anamsimamia, anatoboa karatasi, anarudisha. Pitchou akaangalia bei ya kukodi. Akaona mtaji anao.

Wa kwanza alikuwa Mama Angélique, mtu wa Bukavu, mwenye saluni Hillbrow. Mteja wake mmoja, mwanasheria, aliweka status ya picha akiwa amevaa viziba-masikio vyekundu, ameshika karatasi iliyotoboka katikati. Mama Angélique aliiangalia picha hiyo mpaka rangi ikaunguza kichwa cha mteja mwingine. Pitchou akamwalika uwanjani, naye akapige yake.

"Lakini Pitchou, sisi tulikimbia risasi za bure kule," akasema. "Leo nikalipie za huku?"

"Mama, kule wewe ulikuwa karatasi. Huku wewe ndiye unashika bastola."

Mama Angélique akachukua mkoba wake.

Uwanjani Pitchou akaongea kama mtu aliyezaliwa ndani ya boksi la risasi. Alikuwa ametazama video mpaka bando likakata.

"Nataka ya bei nafuu," Mama Angélique akasema, "lakini isionekane ya bei nafuu."

"Bei ya bastola ni siku moja, Mama. Uliza bei ya risasi. Ile nene pale, tisa milimita, ukiipata mtumba ni rahisi, lakini kila Jumamosi inakula kama shemeji aliyekuja kutembea. Hii wanaita tuenti-tuu. Risasi zake vijipande, bei ya njugu. Hairushi mkono. Tena ina uzito kidogo, ndiyo maana haitetemeki. Shika. Kidole kinafika bila kujivuta? Basi hiyo inakutosha. Silaha ni kama wigi, isiyokukaa hata ikiwa ya Paris ni takataka."

Mama Angélique akapiga. Karatasi ikatoboka. Pembeni kabisa, karibu na jina la kiwanda, lakini ikatoboka.

"Yako hiyo," Pitchou akanong'ona. "Wanaiuza mtumba, mimi nimeshaongea nao. Unanipa mimi pesa, inabaki kwenye sefu mpaka leseni itoke."

Mama Angélique, ambaye hakujenga saluni kwa kuamini watu, akamgeukia mwalimu. "Eti mtu akinunua, inabaki hapa mpaka leseni itoke?"

"Ndiyo, mama. Ni sheria."

Hakuna kinachosaidia uongo kama ukweli uliosimama jirani yake.

Wiki iliyofuata bastola hiyohiyo, yenye plasta nyeupe kwenye mshikio, ilinunuliwa na Papa Théodore, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle hapohapo Joburg, aliyeambiwa kwamba jicho linaloona tundu la sindano halikuumbwa lipotee kwenye suruali za watu. Wiki ya tatu ikanunuliwa na Méthode, Mrundi mlinzi wa ofisi, ambaye kazini walimpa kirungu tu na maneno ya kutia moyo. Kila mmoja aliambiwa silaha haitangazwi. Kila mmoja akaapa. Na kila mmoja aliweka picha kwenye status kabla hajavuka robot ya kwanza ya barabarani, wakati taa ingali nyekundu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, Mama Angélique akapiga simu. "Pitchou mdogo wangu, pita saluni. Kuna chai."

Pitchou alikuwa na furaha siku hiyo. Makuta yote, pesa za watu watatu, yalikuwa kwenye kipochi chini ya shati lake, yakingoja kesho, yakalipie kibanda. Akaingia anapiga mluzi. Chini ya mashine za kukaushia nywele walikaa Mama Angélique na Papa Théodore. Méthode alisimama mlangoni, kwa mazoea ya kazi.

Mluzi ukaisha.

"Ndugu Pitchou," Papa Théodore akaanza taratibu, "bastola yangu ina plasta."

"Yangu pia," Méthode akasema.

"Na yangu," Mama Angélique akasema, akamimina chai. "Sukari?"

Kuna watu ambao hatari ikiwakuta akili zao zinakimbia. Za Pitchou zilikuwa zinafika kazini saa hiyo.

"Eish! Kwani nyinyi mlifikiri nini?" akasema, na uso wake ukajaa masikitiko ya kaka mkubwa. "Mtu mmoja, peke yake, anunue bastola Joburg hii? Kusafirisha maiti tunachangiana. Harusi tunachangiana. Likelemba tunacheza, pesa inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Iweje kitu kikubwa hivi kila mtu akile mwenyewe? Ile ni bastola ya chama! Nilikuwa nangoja mfike watu watatu niwatangazie. Mmeniharibia surprise."

Papa Théodore akamtazama Mama Angélique. Mama Angélique akamtazama Méthode. Kisha Papa Théodore akaanza kupiga makofi.

"Chama," akasema. "Voilà. Mtu mwenye maono."

"Na chama bila Président ni kundi la wahuni," Mama Angélique akaongeza. "Napendekeza mwenye wazo."

"Naunga mkono," Méthode akasema.

Pitchou aliwahi kuitwa majina mengi, mengine yameandikwa vituo vya polisi, ila Président hajawahi. Neno lile liliingia kifuani likatandika kitanda. Akasimama, akakohoa kidogo, akatoa hotuba ndefu juu ya umoja, uwazi, na maadui wa maendeleo. Akajisikia anaanza kuamini.

"Ahsante, Président," Mama Angélique akasema. "Mimi nitakuwa trésorière, nishike hazina. Sasa mali ya chama ikabidhiwe."

"Mali... iko kwa muuzaji."

"Bon. Mpigie. Weka sauti kubwa, wanachama wasikie."

Pitchou akatazama simu. Simu ikamtazama.

"Ukweli ni kwamba sijamlipa bado," akasema. "Niliona chama kwanza kikae."

"Hekima," Papa Théodore akasema. "Basi unazo."

Sheria ya vyama vya watu wetu wote Joburg ni moja: anayesema hashiki pesa. Pitchou aliijua kuliko wote. Alikwisha kuanzisha vyama viwili, na kote aligombea uhazini. Leo cheo kikubwa kilimlevya akasahau kazi yake. Akafungua kifungo cha shati, anatabasamu kama kiongozi, akatoa kipochi kikiwa bado na joto la mwili wake. Moyoni alipanga kesho asubuhi ataomba pesa za safari ya kikazi.

Mama Angélique akahesabu pesa bila haraka, akazitia kifuani mahali ambapo hakuna mwanaume angezifuata akatoka salama.

Hapo ndipo Méthode akaacha mlango, akaja kukaa.

"Alhamisi nilitoka kazini nikapita pale uwanjani," akasema. "Ile bastola haiuzwi, sha. Ni ya kukodisha. Hata hiyo plasta ni yao."

Pitchou akatafuta mdomo wake, akaupata. "Mlijua? Mbona hamkusema tangu mlangoni?"

"Mwizi ukimpigia kelele anakimbia," Mama Angélique akasema. "Ukimpa cheo, anakaa. Tena anatoa hotuba."

"Hotuba ilikuwa nzuri lakini," Papa Théodore akasema.

"Sisi tulipanga kukupiga tu," Méthode akaeleza, kwa haki. "Wazo la chama umelileta wewe mwenyewe. Tumelipenda."

Na hawakuwa wanatania. Mama Angélique alikuwa na karatasi za ukaazi wa kudumu, kwa hiyo leseni angeweza kuomba. Atasoma kozi, atafanya mtihani, atafunga sefu ukutani nyuma ya masinki, atanunua tuenti-tuu mtumba dukani kwa njia ya wazi. Wengine watapiga Jumamosi yeye akiwasimamia.

"Ushauri wako tumeuulizia kwa wataalamu," akamwambia. "Risasi, uzito, kidole, yote ni kweli. Ungeuza ushauri tu, ungekuwa tajiri."

Pitchou akaona kibanda chake cha vioo, na ndani yake mtu mwingine anapanga simu. Akasimama.

"Basi mimi najiuzulu."

"Kujiuzulu kuna faini," Papa Théodore akasema. "Iko kwenye katiba."

"Katiba gani? Chama hakijamaliza hata chai!"

"Tutaiandika."

"Mimi naenda."

"Kikao hakijafungwa," Mama Angélique akasema. "Anayetaka kutoka anaomba ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa Président."

Pitchou akageuka. Méthode alikuwa amesharudi mlangoni. Akajiomba ruhusa, akalitafakari ombi kwa makini kama inavyotakiwa, akajikatalia, akakaa.