Papa Nyundo Bado Wako Kwenye Mchakato

Haya wenzangu, mgeni rasmi alisema saa tatu, na sasa jua liko utosini. Na leo hii hii, kabla ya jioni, tumeambiwa banda letu la kukaushia samaki liwe limevunjwa, eti lipishe bwawa la kufugia papa nyundo. Nipisheni jukwaani. Kusoma sijui, lakini hotuba yake nimeshaisikia mara tatu, ninayo yote kichwani. Shoga, nishikie ndoo. Ehem!

Mheshimiwa mimi mwenyewe; Mheshimiwa Kaimu Msaidizi wa Naibu wangu; waheshimiwa wa viti vya mito; waheshimiwa wa viti vya plastiki; wadau mliosimama; na nyie akina mama mnaonuka samaki kule nyuma, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Muuza barafu anapiga ndoo.)

Ndugu wadau, kama mnavyojua, na kama hamjui basi mimi najua kwa niaba yenu, papa nyundo, yule mwenye kichwa kama nyundo na macho yamekaa huku na huku kama wakwe waliogombana, ameadimika, na ofisi yangu, katika mkakati wa implementesheni ya fizibiliti stadi, imekaa semina kumi na saba, zote kwenye hoteli zenye upepo mzuri, ikagundua kwamba samaki huyu anaishi baharini. (Vigelegele.) Wataalamu wanasema aina zake ni kama tisa hivi, sisi kwa juhudi zetu tumezifikisha kumi na nne, kwenye makaratasi. Na nauliza, nani kamwona papa nyundo mwaka huu? (Watu wanatikisa vichwa.) Hakuna! Mnaona sasa? Tumemhifadhi mpaka haonekani!

("Na mapapa wa ofisini, nao wameadimika?" Wifi yangu huyo, mdomo hauna pazia.) Mama, hayo maswali peleka kwa maandishi.

Mimi mwenyewe, si mheshimiwa, papa nyundo wa mwisho nilimwona mwaka niliomzaa kitinda mimba wangu, na sasa ana ndevu. Papa huyo nilimpasua mwenyewe. Tumboni watoto ishirini na kitu, vichwa laini, vimekunjwa nyuma kama leso. Nilikiweka kisu chini, jamani. Ningeambiwa kuvunja banda kutawarudisha wale, haki ya Mungu ningeanza mimi kung'oa nguzo. Lakini tuendelee, mheshimiwa hana habari ya matumbo.

Kuhusu vifaa, kulijitokeza changamoto ndogo. Bwana ugavi wetu aliletewa karatasi ya papa nyundo, akaona katikati pana kale kanukta kenye mkia kanakotenganisha maneno, kumbe ni uchafu wa inzi, akaagiza vyote viwili. Nyundo mia nane zimeshafika, ziko stoo zinang'aa. Papa bado wako kwenye mchakato. (Watu hoi. Muuza barafu: "Na misumari, mheshimiwa?") Misumari ni awamu ya pili, baba.

Kwa hiyo mradi umefanikiwa kwa asilimia mia na nne, na zile nne ni mimi binafsi. Papa nyundo! ("Hoyee!") Bwawa! ("Hoyee!") Banda! ("Halivunjwi!") Aa, hapo hamkujibu kama mlivyofundishwa.

Mwisho kabisa nitoe shukrani. Namshukuru mchoraji wa bwawa, ambaye hajachora. Namshukuru mhandisi, ambaye hajaajiriwa. Nawashukuru papa wenyewe, ambao hawakuulizwa. Na wa pekee ni shemeji yangu, yule mliyemwona jana akipima uwanja wenu kwa hatua, ambaye kesho asubuhi ataegesha hapo malori yake. Maana bwawa, ndugu zangu, halikuwepo hata siku moja, tulilitaja tu ili mhame bila kelele. Asanteni sana kwa kuwa wasikivu.

(Hakuna anayepiga makofi. Akina mama wameingia bandani, wamekaa chini, wote.)