Mgongo Wangu na Jumapili ya Kwasimodo

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka jana tu, na Custodio Barrales wa ng'ambo ya barabara tayari anapaka lango lake chokaa. Tayari! Kwangu hata mifupa ya kondoo haijatupwa. Anajua Jumapili ijayo ni Kwasimodo: Padre atazunguka kijiji kwa gari la farasi, Sakramenti kifuani, kuwakomunisha wagonjwa, na wapanda farasi wote nyuma yake, vitambaa vyeupe kichwani. Na watasimama kwa Custodio, maana shangazi yake Rosalba haamki kitandani. Kila mwaka! Kengele kwake, maua kwake, kijiji kizima kinapiga magoti langoni kwake. Mimi napiga magoti upande wa pili, kwenye vumbi.

Baba yangu alipanda farasi Kwasimodo hadi alipokufa. Mimi farasi akinikaribia napiga chafya mpaka macho yanavimba. Sitapanda kamwe. Basi walau wasimame kwangu! Mara moja tu, kabla sijafa. Inaniuma, nasema kweli.

Kinachotakiwa ni mgonjwa. Mama mkwe ana umri mkubwa. Lazima kuna kitu kinamsumbua.

Jumanne, 7 Aprili

Hakuna kinachomsumbua! Nilimkuta mama mkwe, Doña Edelmira, anapasua kuni. Nikamuuliza kwa heshima zote magoti yanaendeleaje. Akasema yanaendelea vizuri kuliko yangu, na kama nimekuja kusimama tu, basi nishike shoka. Nikamweleza ilivyo heshima kuletewa Bwana kitandani. Angelala asubuhi moja, akohoe kidogo, basi! Akanitandika kwa kitambaa cha vyombo, kibichi. Akasema yeye humfuata Bwana kanisani kwa miguu yake mwenyewe, tena anawahi benchi la mbele.

Mwanamke mbinafsi.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeamua. Nitaugua mwenyewe. Mgongo! Nani anaweza kuchungulia ndani ya mgongo? Nikaanguka mbele ya duka la mkate, katekista akipita. Nilianguka vizuri sana, sijisifu. Mama wa watu akashika mdomo, akaahidi kumpelekea Padre jina langu leo leo.

Ila nani anatoka dukani, mkate kwapani? Custodio! Akasema ajabu hii, si mimi niliyebeba gunia la viazi jana, nikipiga mluzi? Akasema pole yake ataitoa akishaona mwenyewe. Injili ya Jumapili ni ya Tomaso, yule asiyeamini bila kuona, na mimi Tomaso wangu ninaye mlangoni.

Alhamisi, 9 Aprili

Kitandani. Mirtha, mke wangu, hasemi na mimi, anasema na sufuria. Yeye na mama yake wanakula nyama ya nguruwe ya kukaanga. Mimi mchuzi mtupu, eti mgonjwa hapewi mafuta. Harufu inaingia chini ya mlango. Huu ni ukatili!

Alasiri Custodio akaja kunijulia hali. Akauliza mgongo unauma wapi. Nikasema hauumi, umekufa ganzi, sihisi kitu. Kosa! Akatoa chupa ya dawa anayowachulia farasi wake miguu, akakunja mikono ya shati, akanipaka kuanzia shingoni hadi kiunoni, polepole, akiniangalia usoni. Moto! Moto wa jehanamu! Nami sihisi kitu, si nimeshasema? Nikatabasamu. Machozi yakanitoka yenyewe. Nikamwambia nalia kwa wema wake.

Jumamosi, 11 Aprili

Jana sikuandika. Nililala kifudifudi.

Mirtha amefunga tao la makuti langoni. Fupi! La Custodio linalizidi kwa shubiri nzima. Wanawake walipokwenda kanisani kufanya usafi nikapanda ngazi kuliongeza. Niko juu kabisa, maua ya karatasi mdomoni, nashikilia tao kwa mikono miwili, ngazi ikaondoka. Doña Edelmira! Alirudi kuchukua ufagio. Akailaza ngazi majanini, akaikalia. Akanipa pole ya mgongo. Nikamsihi. Akasema nitashuka nikimaliza sala ya Malkia wa Mbingu, yote, kwa kuimba. Nikaimba nikining'inia. Kila aleluya ilitetemeka.

Nikamwomba asimwambie Padre. Akasema ya nini amwambie, nitamwambia mwenyewe. Sikuelewa. Uzee huo.

Jumapili, 12 Aprili

Wamekuja! Kwanza kengele, halafu kwato, halafu sauti zote pamoja: Aishi Kristo Mfalme! Wamesimama kwangu. Kwangu! Nilikuwa kitandani, shuka nyeupe, meza ndogo na mishumaa miwili, nikasikia kijiji kizima kinapiga magoti langoni mwangu, na moyo ukanijaa. Nikamkumbuka baba.

Padre Anselmo akaingia. Akaweka Sakramenti mezani. Akamwomba Mirtha atoke na afunge mlango. Akavuta kiti, akavaa stola, akainamisha kichwa. Akasema haya, mwanangu, tuanze na kitubio.

Kitubio! Wagonjwa huungama kwanza! Tangu utoto nakijua kitu hiki, na wiki nzima hakikunijia kichwani! Doña Edelmira alijua. Alijua!

Nikaanza na vidogo vidogo. Nilimtukana jogoo. Nilisinzia Ijumaa Kuu. Padre akauliza kama kuna kingine. Nikatazama mishumaa. Kumdanganya katekista naweza. Kumdanganya Custodio ni raha. Lakini Bwana Mwenyewe yupo pale mezani, hatua mbili! Nikasema. Nilisema yote, hata tao. Wakati huo huo farasi mmoja akaingiza kichwa dirishani, nami nikapiga chafya mpaka mshumaa ukazimika.

Padre akafunika uso kwa stola, mabega yakimtikisika. Sijui kama alikuwa analia. Akaniondolea dhambi. Akasema komunyo nitaipokea kanisani jioni, kwa miguu yangu. Na malipizi yangu: niamke, nichukue koleo na toroli, niufuate msafara hadi nyumba ya mwisho, nikizoa mavi ya farasi.

Nikatoka langoni nimesimama wima. Kijiji kizima kikapumua kwa mshangao. Mtu akapaza sauti: muujiza! Custodio akanikimbilia, akanishika mabega, macho yamelowa, akaniomba niingie nimguse shangazi Rosalba, huenda naye akainuka. Mungu wangu, aibu ile! Nikamnong'oneza kwamba sikuwahi kuumwa. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akalishika lango langu. Akasema alijua, ile dawa ya farasi alidhani ilikuwa ya nini? Alikuwa anataka tu kuona nitavumilia mpaka wapi. Mnafiki mkubwa! Na yale machozi?

Hata hivyo tukaingia. Shangazi Rosalba alikwisha kukomunika. Akanusa ile dawa mgongoni, akasema nanuka farasi kama baba yangu. Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilifurahi, basi.

Nikazoa hadi nyumba ya mwisho, kitambaa cha Mirtha puani, chafya kila kwato. Lakini nilikuwa ndani ya Kwasimodo. Nyuma kabisa, lakini ndani!

Jumatatu, 13 Aprili

Siwezi kuinuka. Mgongo! Safari hii ni kweli, naapa, ni lile koleo. Nani ananiamini? Mirtha kaleta mchuzi mtupu. Doña Edelmira kasimama mlangoni na kuniuliza kama leo tuimbe.

Sijali. Nimewaza vizuri. Mwaka ujao koleo litapakwa rangi nyeupe na njano. Nami nitavaa joho fupi kama wapanda farasi, na toroli iwe na kengele yake. Mkuu wa Koleo! Cheo hicho hakijawahi kuwepo, kwa hiyo ni changu.

Sasa hivi Custodio kapaza sauti kutoka ng'ambo. Eti ilimgusa sana, na mwaka ujao naye atakuja na koleo. Lake ni kubwa kuliko langu.

Thubutu! Hatanipora na hili. Nimemchungulia dirishani akiinama kuokota ndoo. Nionavyo mimi, mgongo wake hauko sawa hata kidogo. Mtu wa namna hiyo inafaa alale Kwasimodo nzima, aletewe Bwana kitandani. Nikipata nafuu tu nampelekea katekista jina lake.